Boli Nilikuwa Nayo Mimi

Faili yangu ya kazi, kama panya hawajaimaliza, ina barua inayosema kwamba mimi Yohana, pointimani wa kugeuza njia na kuonyesha bendera, nilichelewesha treni ya abiria zaidi ya saa nzima kwa sababu nilikwenda kumlaki mama mkwe. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa wino, na muhuri juu. Kila stesheni niliyohamishiwa baadaye, hadithi hiyo ilifika kabla ya sanduku langu. Nashuka tu kwenye behewa, mtu ananiuliza, "Ni wewe yule wa mama mkwe?" Nasema ni mimi. Sasa hata ninyi vijana wa mafunzo, mlipokuja juzi hapa Lanet mkanikuta nachambua maharagwe, yule mrefu wenu akaniuliza hilohilo, mkacheka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Chekeni tu. Lakini barua ile ni uongo mtupu, na aliyeidanganya reli ni mama ambaye hakujua kusoma hata herufi moja. Nitawaambia ilivyokuwa. Nimezeeka, hakuna tena cheo cha kunishusha.

Kwanza lazima mjue boli ni nini, maana ninyi mnabonyezabonyeza vitu na kuviamini.

Njia yetu ilikuwa moja. Treni ya kwenda Nakuru na ya kutoka Nakuru zote zilipita kwenye reli zilezile mbili, na stesheni yetu ilikuwa kajumba kadogo katikati ya mashamba ya mahindi, ukishatoka Nakuru kwenda Kisumu. Sasa ni kitu gani kilizizuia zisigongane? Ni boli. Boli ilikuwa tufe la chuma, saizi ya chungwa. Ofisini kwa Bwana Stesheni kulikuwa na mashine nyekundu iliyojaa hayo matufe, na stesheni inayofuata wana yao, na waya zimeziunganisha. Ukitoa boli moja, mashine zote mbili zinajifunga. Huwezi kutoa ya pili hata ulie machozi ya damu. Na dreva ambaye hajapewa boli mkononi haondoki, hata awe amebeba gavana na familia yake.

Kazi yangu ilikuwa kupokea hiyo boli kutoka kwa Bwana Stesheni, kuitia kwenye mfuko wa ngozi ulioshonewa kwenye ringi kubwa, kwenda kusimama mwisho wa platifomu, na kuinua ringi ili dreva au faiamani wake, mtia makaa, aichukue kwa mkono treni ikipita. Inasikika rahisi, sivyo? Siku yangu ya kwanza faiamani aliishika ringi vizuri kabisa, ila mimi sikuiachilia. Nilikimbia na treni platifomu nzima, kofia ikaruka, kiatu kimoja kikabaki nyuma, abiria wakanishangilia wakidhani nimechelewa safari. Aliyenifundisha kazi, Mzee Athmani, mtu wa Nakuru mjini ambaye babu zake walitoka Pwani, alinisubiri nirudi nikichechemea. Akaniambia, "Yohana, dreva alitaka boli. Wewe hakukutaka."

Mzee Athmani ndiye aliyenifundisha kusafisha kioo cha taa kwa majivu na karatasi ya gazeti. Ndiye aliyeniambia nisipoteze nguvu kujaribu kutembea juu ya mataruma, kwa sababu yalipangwa kwa ajili ya reli, hayakupangwa kwa hatua ya binadamu. Ukikanyaga kila moja unatembea kama bibi harusi, ukiruka moja unapasua suruali. Na ndiye aliyenitia kichwani ile sheria yake kubwa: boli haiwekwi chini, haiwekwi mezani, haitundikwi kwenye msumari. Boli inakaa begani mwako mpaka imfikie dreva. Hata ukienda chooni, unaenda nayo. Nilizoea hivyo mpaka mke wangu Sabeti akawa ananiuliza kama nitaingia nayo kitandani.

Shikeni hapo. Sasa nasema lile jambo gumu, na nitalisema mara moja tu.

Tulikuwa na mtoto wa kiume, miezi minane. Akashikwa na surua. Siku ya nne asubuhi homa ilipanda vibaya, macho yakageuka. Hospitali ilikuwa Nakuru. Wakati huohuo ikawa inakuja treni ya mizigo ya kwenda Nakuru, mahindi matupu, ambayo kwetu haikuwa na ruhusa ya kusimama. Mkono mmoja nilikuwa na bendera nyekundu na mkono mwingine bendera ya kijani. Sabeti alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya reli na mtoto kifuani, ananitazama. Kusimamisha treni ya mizigo kwa shida zako za nyumbani kulikuwa ni kufukuzwa kazi, siku hiyohiyo. Na ya abiria ingekuja baada ya saa mbili. Nikajiambia, saa mbili si nyingi, atangoja. Nikapeperusha kijani. Dreva akanipigia honi ya asante.

Mtoto hakungoja.

Sabeti hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Tulipomaliza kuzika alikwenda kwao Bunyore, akasema anakwenda kupumzika, na miezi minne ikapita. Mimi nilibaki. Wenzangu waliniambia pole, wakanipa mkono, wakarudi kazini, nami nikarudi kwenye taa zangu. Kila treni ya mizigo iliyopita niliinua bendera ya kijani. Hebu fikirini. Kila siku nilirudia kitendo kilekile, na kila siku dreva alinipigia honi ya asante. Nilikuwa sili, na usingizi ukija haunitoi uchovu. Nilijichukia. Nasema wazi, nilijichukia mpaka nikaona kila mtu atapumua vizuri nikiondoka.

Nikamwandikia Sabeti barua. Sikusema ninachotaka kufanya. Nilimwambia anisamehe, sufuria kubwa ni yake, na baiskeli yangu apewe ndugu yangu mdogo.

Sasa hapa anaingia mama mkwe, kwa hiyo lazima niwaeleze habari ya mama mkwe, maana ninyi wa leo mnapiga picha nao mkiwa mmekumbatiana. Kwetu siku zile, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaonani. Si kwamba wanachukiana, hapana, ni heshima. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi. Akiniona anajifunika leso usoni na kugeuka. Hatugusani, hatuli pamoja, hatuketi nyumba moja. Kama lazima niseme naye, kuna mtu katikati: mimi namwambia mtu, na mtu anamwambia yeye, hata kama tumesimama hatua tano. Nilikuwa na miaka miwili katika ndoa na sikuwahi kuuona uso wa yule mama. Nilijua mgongo wake, visigino vyake na kikohozi chake, basi.

Barua ilipofika Sabeti alikuwa kwa shangazi yake, akimsaidia kulima. Mama mkwe akamwomba mzee wa kanisa aisome. Mzee akasoma habari ya sufuria, akasoma habari ya baiskeli, akataka kuendelea. Mama mkwe akamwambia simama. Rudia hapo kwa baiskeli. Mzee akarudia. Mama mkwe akasema, "Mwanamume mzima hatoi baiskeli yake hivihivi." Akatoka nje, akakamata kuku jike, akamfunga miguu, maana huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu hata kama unakwenda kuokoa mtu, akatembea mpaka stesheni akapanda treni. Yule mama alikuwa hajawahi kupanda treni maishani.

Siku hiyo aliyokuwa njiani, mimi asubuhi nilioga, nikafagia nyumba, nikaenda kazini. Bwana Stesheni wetu alikuwa Mhindi mpole aliyeitwa Joshi, mtu wa kunywa chai kila nusu saa. Akanipa boli ya treni ya saa nne, ya abiria, inayotoka upande wa Kisumu kwenda Nakuru. Nikaitia kwenye ule mfuko wa ngozi, ringi nikaitundika begani, nikaenda mwisho wa platifomu. Badala ya kusimama nikaendelea kutembea.

Nilifuata reli kuelekea Nakuru, mlima Menengai uko kushoto kwangu, nikapita signali ya mbali, nikapita kona, mpaka kwenye kalvati moja, mtaro wa maji unaopita chini ya reli, ambapo stesheni haionekani. Nikavua koti la reli kwa sababu ni mali ya serikali na sikutaka liharibike. Ili nivue koti ilibidi kwanza nitoe ringi begani. Nikatoa ringi, nikavua koti, nikalikunja vizuri, kofia juu yake, bendera kando. Halafu nikairudisha ringi begani. Mnaona kazi ya Mzee Athmani? Boli haiwekwi chini.

Nikalala pale relini kungoja treni ya saa nne.

Saa nne ikafika. Saa nne na robo. Jamani, mawe ya reli hayakutengenezwa kwa mgongo wa mtu. Nikageuka ubavu huu, nikageuka ubavu ule. Siafu wakanipata, nikaamka nikajipangusa, nikatafuta mahali pengine pasipo na siafu. Saa nne na nusu. Nikaanza kukasirika, na si hasira ya mtu anayetaka kufa, ni hasira ya mtu wa reli. Nilijiuliza leo wana nini hawa? Njia ni wazi, signali niliishusha mwenyewe, wanangoja nini? Nikaanza hata kupanga ripoti kichwani, kwamba namba fulani imechelewa bila sababu kujulikana. Akaja mbuzi, sijui wa nani, akaanza kutafuna bendera ya kijani. Nikainuka nikamfukuza nikimtukana kwamba hiyo ni mali ya serikali, nikarudi kulala.

Wakati huo treni ya saa nne ilikuwa imesimama stesheni kwetu inatoa moshi. Haya niliambiwa baadaye na Joshi. Dreva Kalasinga, ndevu mpaka kifuani, alikuwa anapiga kelele dirishani, "Boli iko wapi? Lete boli!" Gadi wa treni alinitafuta chooni. Faiamani alinitafuta kwenye nyumba ya mama mmoja aliyeuza pombe ya busaa. Joshi aliipiga mashine yake nyekundu, akaiomba, akaitukana kwa Kigujarati, lakini nimewaambia, boli moja ikiwa nje, ya pili haitoki. Katikati ya fujo hiyo mama mmoja na kuku wake akashuka behewa la daraja la tatu, akataja jina langu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota. Joshi akamwonyesha kwa mkono mwisho wa platifomu, kumaanisha alikuwa pale na sasa hayupo. Mama akatazama njia ilivyokwenda mpaka kona. Akaanza kuifuata.

Mimi nikasikia mawe yanalia. Nikainua kichwa. Naona mama anakuja katikati ya reli na kuku kwapani. Nikaona amesimama ghafla, amekohoa, amejifunika leso uso mzima, na amenigeuzia mgongo. Sasa niambieni. Ni mwanamke gani duniani anayekuta mtu amelala relini halafu anajifunika uso na kugeuka nyuma? Ni mmoja tu.

Na mimi nilikuwa nimevaa fulana yenye matobo!

Sikufikiri. Naapa sikufikiri hata kidogo. Mtu aliyekuja pale kumaliza maisha yake aliruka juu na kujitupa ndani ya kalvati chini ya reli, ili mama mkwe asimwone na fulana ya matobo. Nilianguka vibaya, mguu ukateguka, ringi ikanasa kwenye mdomo wa kalvati, nikabaki humo ndani nimekunjika, maji ya matope mpaka kwenye magoti, moyo unanienda mbio kwa aibu.

Nikamsikia juu yangu, anaketi kwenye reli. Hakukuwa na mtu wa kusimama katikati yetu ili maneno yapite. Kisha akasema, kwa lugha yetu, "Kuku, mwambie aliye huko chini kwamba nimesomewa barua yake."

Nikaivuta ringi, haikutoka.

"Kuku, muulize kama anataka kujiua."

Alilitaja neno lenyewe, hakulizunguka. Miezi minne watu walikuwa wananiuliza habari ya kazi, habari ya mvua, habari ya Sabeti, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikasema, "Kuku, mwambie ndiyo."

Nikasikia anahema. Halafu akasema, "Basi, kuku, mwambie mimi sitoki hapa. Hiyo treni ikija itukute wote watatu, mimi, yeye na wewe."

Hapo ndipo nikashtuka. Nikaanza kupiga kelele kutoka mle shimoni. "Kuku, mwambie atoke relini! Mwambie... hapana, ngoja. Kuku, mwambie treni haiwezi kuja."

"Kwa nini haiwezi?"

"Dreva hana boli."

"Boli ni nini?"

Nikamweleza yule kuku mambo ya njia moja, mashine mbili nyekundu, boli moja tu nje kwa wakati mmoja. Nilieleza vizuri, kuliko nilivyoeleza kwenye mtihani wa kupandishwa cheo. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na hiyo boli anayo nani?"

Nikatazama bega langu.

Nikasema, "Ninayo mimi."

"Kuku," akasema polepole, "hebu niulizie vizuri nisije nikakosea. Amelala hapa tangu asubuhi, akingoja treni ambayo amekaa nayo mwenyewe begani?"

"Kuku, mwambie ndiyo."

Kwanza nilifikiri analia. Kumbe yule mama alikuwa anacheka. Alicheka akijizuia, akashindwa, akacheka kwa sauti mpaka kuku akapiga mabawa. Na mimi mle chini nikaanza kucheka, matope yananiingia mdomoni, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Hakuniambia ninyamaze. Alingoja.

Nilipoweza kusema nikamweleza kuku habari ya bendera. Nyekundu ilikuwa mkono huu, kijani mkono huu, na nikainua kijani. Nikamwambia mimi ndiye niliyemuua mtoto.

Mama mkwe akasema, "Kuku, mimi nimezika watoto wanne. Wa kwanza nilimlaumu mke mwenzangu. Wa pili nililaumu maziwa yangu. Wa tatu nilimlaumu mume wangu kwa sababu alikwenda sokoni. Wa nne nilikuwa nimechoka kulaumu, nikalia tu. Mwambie surua haikuuliza bendera yake ni rangi gani. Labda treni ingemfikisha, labda angefia ndani ya mahindi. Mimi sijui na yeye hajui. Lakini mwambie Sabeti ameshazika mmoja. Asimpe kazi ya kuzika wa pili."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoa. Si kwamba mzigo uliondoka, msidanganywe, haukuondoka. Lakini niliona Sabeti na jembe, na sikutaka.

Kutoka nako kukawa kesi. Mguu wangu ulikuwa umevimba na ringi imenasa. Hawezi kunigusa, hawezi kunitazama. Alifunga leso yake ya pili kwenye reli, akaiteremsha mdomoni mwa kalvati huku amefumba macho, akaniambia kupitia kuku nivute. Nikavuta. Leso ikapasuka. Akaifunga mara mbili. Nikatoka kwa tumbo, nimejaa matope, nikavaa koti la serikali juu ya fulana ile, na sikuweza kukanyaga. Basi tukafanya hivi: yeye akatangulia, uso mbele, ameshika ringi ya boli nyuma ya mgongo wake kwa mkono mmoja. Mimi nyuma nimeshika upande wa pili wa ringi. Ananivuta, mimi naruka kwa mguu mmoja, hatujagusana hata kidogo. Heshima ilikuwa palepale.

Tulipotokea kwenye kona treni nzima ilikuwa madirishani. Kalasinga akashuka mwenyewe kwenye injini, uso mwekundu. Akainyakua ringi, akanitazama matope yangu, akamtazama mama aliyejifunika leso na kuku, akashindwa hata kutukana. Akasema, "Hii reli iko na wazimu," akapanda, akaondoka.

Joshi akatuingiza ofisini. Sasa jueni kwamba siku zile kujaribu kujiua lilikuwa kosa la kupelekwa kortini. Unatoka kwenye shida yako unaingizwa ndani ya nyingine. Joshi akachukua kalamu, akaniuliza nilikwenda wapi na boli. Mama mkwe, amegeukia ukuta, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokota: "Yeye nakuja nachukua mimi. Mimi mama ya bibi yake. Mimi mguu mbaya."

Joshi akawaza. "Lakini mama alikuwa ndani ya treni," akasema. "Treni ilikuwa huku. Yohana amekwenda kumpokea mbele ya treni, maili moja?"

"Ndiyo," mama mkwe akasema. "Yeye iko heshima sana."

Joshi akanitazama machoni. Alitazama sana. Aliielewa, nina hakika. Akachovya kalamu kwenye wino akaandika kile mnachokijua: alikwenda kumlaki mama mkwe. Wakubwa waliposoma walinishusha daraja, wakanipa onyo, na Reli yote ikanicheka miaka yote niliyobaki kazini. Nilikubali kuchekwa. Kila aliponicheka mtu nilijua kwamba nipo hapa nachekwa. Na tangu siku ile Joshi hakunipa boli hata mara moja bila kuniuliza kwanza, "Yohana, umelala? Umekula?" Nikisema hapana, ananikalisha, ananipa chai yake iliyojaa tangawizi, na treni inasubiri. Treni zilisubiri, vijana. Kumbe zinaweza kusubiri.

Mama mkwe alikaa kwa mke wa mnyapara wa gengi la kutengeneza reli wiki tatu, kwa sababu kulala kwangu ni mwiko. Kuku hakuchinjwa, alikufa kwa uzee. Sabeti alikuja baadaye. Nilimweleza yote, ya bendera na ya kalvati, na nikamwambia ile habari ya boli nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alinipiga na mwiko wa ugali mpaka ukavunjika, akakaa chini, akalia. Akasema bendera aliiona, hahitaji kuelezwa. Hakunisamehe siku hiyo. Alinisamehe kidogokidogo, miaka mingi, kuna siku alinipokonya msamaha wake na kuna siku alinipa tena. Tulipata watoto wengine watatu. Na zile siku nyeusi zilinirudia, si mara moja. Zikija nilimwambia Sabeti, "Leo siko sawa, nimefika mbali," na yeye aliacha anachofanya akaja kukaa karibu nami. Ninyi mlio wazima mkadhani hamtafika huko, na wewe ambaye labda uko huko sasa unanisikiliza ukitazama viatu vyako: stesheni yangu ilikuwa na simu, kengele, taa na bendera, kazi yangu yote ilikuwa kupeleka habari, na sikumwambia mtu hata neno moja. Huo ndio ujinga mkubwa nilioufanya kazini. Mwambie mtu. Kama huna mtu, mwambie kuku, lakini awe na mtu karibu.

Kuna kitu nimekiruka. Nilikiruka makusudi.

Tulipokuwa tunarudi, yeye mbele mimi nyuma, kabla ya kufika kwenye kona, alipunguza mwendo akasema, "Kuku, muulize mtoto aliitwa nani."

Alijua. Lilikuwa jina la marehemu mumewe, tulimpa mtoto kwa sababu yake. Na alijua kwamba tangu kaburini hakuna aliyelitamka, si mimi, si Sabeti, si jirani. Watu waliposema walisema "yule mtoto."

Nikasimama kwa mguu mmoja. Nikasema, "Kuku, mwambie aliitwa Ambani."

Yule mama akasimama. Akateremsha leso kutoka usoni, akageuka, akanitazama macho kwa macho, jambo ambalo halifanyiki, ambalo mimi na yeye hatukulifanya tena mpaka alipokufa. "Ambani," akasema. Hakumwambia kuku. Aliniambia mimi.

Na mimi nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Paji lile la uso, masikio yale yaliyosimama, kidevu kile. Alikuwa na uso wa mtoto wangu.